Bangili Haibebi Aibu

Kila aliyeacha unga wa kulevya alivishwa bangili iliyounganishwa na ya mwenzake wa matibabu. Arosto, ile hamu kali ya kurudia unga, ikimpanda mmoja, bangili zote mbili hupata moto, na mwenzake humbebea nusu ya hamu ile. Zaituni aliunganishwa na Sefu, aliyelala chumba cha pili kituoni walikotibiwa. Sasa kila mtu alikuwa amerudi kwao.

Bangili ya Zaituni ilipata moto kila alasiri. Mumewe, Mbaruku, aliacha kazi zake akamchemshia tangawizi na kumkanda miguu.

"Pole, mke wangu. Itapita."

Zaituni alifumba macho asimtazame. Unga alikwisha kuusahau. Alikuwa akimtamani Sefu, na bangili haikujua kutofautisha hamu.

Siku moja Mbaruku alirudi kutoka kituoni amevaa bangili ya Sefu.

"Nimewaomba wamvue Sefu, wanivishe mimi," alisema. "Mtu baki akubebee mzigo, na mumeo nipo?"

Alasiri ilipofika, moto ukaja. Mbaruku akashika kifua. Zaituni akaganda, birika mkononi.

"Hii ndiyo arosto?" Mbaruku aliuliza polepole. "Mbona naijua? Ndivyo nilivyokuwa siku zile nakuposa." Uso wake ukachanua. "Zai, kumbe bado unanitaka hivi!"

Akamkumbatia, akicheka kama bwana harusi. Zaituni naye akacheka, uso kauficha begani mwake. Bangili ilibeba hamu tu. Aibu ilimbakia mwenyewe, nzima, bila wa kugawana naye.