Kipande cha Shekue

Ndani ya ndege, Mwanasiti alifungua kitambaa chenye mkate wa kumimina, akamwambia jirani yake, "Karibu." Jirani akafumba macho. Kwenye treni akawaambia waliomzunguka, "Karibuni," nao wakageukia dirishani. Akaufunga tena mkate wake. Alivyolelewa, tonge haliendi kinywani mpaka uliyemkaribisha akuitikie, na katika nchi ile ya watu hakuna aliyejua kuitikia.

Sasa alikuwa kwenye gari la kukodi, kiti cha mbele, cha nyuma kikiwa kitupu, akipelekwa mji ambako mwili wa kaka yake, Shekue, ulikuwa ukisubiri kuzikwa. Njaa ilikuwa imemlegeza. Akamsogezea dereva kitambaa.

"Karibu, baba."

Dereva akatikisa kichwa tu.

"Nibakizie," sauti ikasema kutoka nyuma.

Nyumbani kwao wote walijibu "starehe." Shekue peke yake, tangu utoto, ndiye aliyejibu "nibakizie."

Mwanasiti hakugeuka. Dereva akapunguza mwendo, akatazama kile kioo cha juu cha kuonea nyuma, akasema maneno machache kwa lugha yake, kwa adabu, huku akiuvuta mkanda wake kifuani kama anayemwonyesha mtu namna ya kuufunga. Mkanda wa Mwanasiti ulikuwa umefungwa. Kisha dereva akaitikia kwa kichwa, kama aliyesikilizwa, akakanyaga mafuta.

Mwanasiti akaumega mkate. Kipande kikubwa akakipitisha juu ya bega lake, mkono akauacha huko nyuma, akangoja.