Chupa ya Kumi na Saba

"Umeichafua damu," alisema profesa, akaisukuma karatasi ya majibu hadi ikaanguka miguuni mwa binti. "Okota usome tena. Labda tarakimu zinakushinda."

Binti aliokota. Alikuwa akisomea uzamivu chini ya profesa huyu, ambaye maabara nzima ilimwita Shubiri. Kwa siri, bila shaka, maana hakuna aliyekuwa na hamu ya kuonja uchungu wenyewe.

Karatasi haikuwa na jipya. Chupa ya kumi na saba, damu ya mtu asiye na ugonjwa wowote, ilikuwa imejaa vipande vya kirusi.

Shubiri alikuwa ametumia nusu ya umri wake kukifukuzia kirusi hicho, cha jamii ya herpesi. Karibu kila mtu hukipata utotoni, akaishi nacho kimelala mwilini bila kuonekana kwenye damu. Kwa wachache huamka na kuzaa saratani nyuma ya pua, mahali pasipoonekana kwa urahisi. Mgonjwa hutibiwa mafua, hutibiwa sikio, na saratani ikija kugunduliwa maji yamekwisha kuzidi unga. Kipimo cha Shubiri kilidai kuigundua mapema, kwa damu kidogo tu. Damu ya wagonjwa ionyeshe kirusi, ya wazima isionyeshe. Chupa moja ya mzima ikijaa namna hii, ama kipimo hakifai, ama aliyepima ni mzembe.

Shubiri hakuwa na shaka ni lipi kati ya hayo mawili.

"Nimerudia mara tatu, Profesa," alisema binti.

"Unanong'ona nini? Siku hizi humu ndani kila mtu ananong'ona. Ukisema na mimi, fungua mdomo."

Hilo lilikuwa kweli kwa upande wake. Wiki nzima alikuwa amewaandama watu akidai wananong'ona, na katibu wake alikwisha kulia chooni kwa ajili hiyo.

"Nimerudia mara tatu!" binti alipaza sauti. "Kwa vifaa vipya na dawa mpya. Majibu ni yale yale."

"Basi umekosea mara tatu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungekiri kosa ungeondoka na heshima kidogo. Ijumaa nikute meza yako tupu."

Miaka yake minne ya kazi ingekwenda na maji hivyo hivyo. Binti alimchukia mtu yule. Akawa anaomba jambo moja tu, kwamba mwenye damu ile awe mgonjwa kweli. Alijua ni dua mbaya. Aliiomba hata hivyo.

Ni nani, hakuna aliyejua pale maabara. Damu ya wazima ilichangwa humo humo jengoni, kwa walinzi, wahasibu, wafagiaji, wakubwa kwa wadogo. Shubiri mwenyewe alipita mlango kwa mlango akiwacheka waoga wa sindano. Daktari wa kliniki ya chini ndiye aliyewatoa damu, akabandika namba kwenye chupa, na majina akabaki nayo yeye.

Kwa hiyo binti alimfuata daktari, akamweleza yote. Daktari alisikiliza, akaenda kutazama orodha yake ya majina. Kisha akachukua begi lake, wakapanda pamoja.

Daktari alikuwa amesoma darasa moja na Shubiri, na ni yeye peke yake aliyekuwa hamwogopi.

"Watu watoke kwanza," alisema alipoingia. "Tuzungumze wawili."

"Hatoki mtu," alijibu Shubiri. "Nataka wote waone. Mwenye chupa hiyo aletwe hapa, atolewe damu nyingine mbele ya macho yangu, nami nitaipima kwa mikono yangu. Kirusi kisipoonekana, bibie huyu anaondoka leo. Ijumaa ni mbali."

"Na kikionekana?"

"Hakitaonekana."

"Ndugu yangu, nakuomba. Hili si jambo la hadharani."

"Unamlinda nani wewe? Mradi ni wangu, na kipimo ni changu. Nimesema huyo mtu apatikane sasa hivi."

Watu waliacha kazi, wakasogea. Binti alijibanza ukutani, akiwa na furaha aliyoshindwa kuificha. Aliutazama mlango, akingoja kuona nani ataitwa.

Daktari hakumwita mtu. Alifungua begi, akatoa sindano na mpira wa kufungia mkono, akavuta kiti na kukiweka mbele ya Shubiri.

"Kaa," alisema kwa upole. "Kunja mkono wa shati."