Radi ya Saa Kumi na Moja

Ngurumo ilipopiga, Mzee Stephano aliruka kitini na kuchomoa plagi kwa utaratibu alioubandika ukutani: kwanza sabufa, kisha spika mbili ndefu, mwisho redio yenyewe. Akateremsha mapazia, akafunika kioo kwa shuka, akaketi gizani.

Hotuba ilikuwa imekatika palepale inapokatika siku zote: "Na sasa, ndugu wananchi, niingie katika kiini cha..."

Ilikuwa hotuba yake mwenyewe, ya saa moja na dakika arobaini, aliyoitoa na kuirekodi siku alipostaafu ukaguzi wa shule. Kila jioni alizielekeza spika dirishani ili mtaa wao wa Mbagala upate maadili. Redio yake ya kwanza iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Tangu hapo alinunua stabilaiza na kujiwekea kanuni: ngurumo ikisikika, kila kitu huchomolewa, na hakichomekwi tena mpaka saa nzima ipite.

Lakini radi za mwaka huu zilikuwa na ukaidi. Zilipiga kila siku saa kumi na moja, hata sasa, katikati ya Agosti. Mzee Stephano, aliyefundishwa jiografia na mapadri, aliwaeleza majirani kuwa hayo ni mabadiliko ya tabianchi. Majirani walikubaliana naye upesi mno.

Mkewe, Marietha, aliingia kutoka uani akihema.

"Umechomoa, Baba Anna?"

"Nimechomoa."

"Afadhali. Ya leo ilikuwa kali, mikono yote inanitetemeka."

"Ndiyo ya mwisho kunikatiza," alisema Mzee Stephano. "Jumapili wakwe wanatoka Chanika kumposa Anna. Lazima wajue binti wanamtoa nyumba gani. Wataisikia hotuba mpaka neno la mwisho."

"Yote?"

"Yote. Fundi umeme ameniagiza nitafute bati pana, lifukiwe ardhini na kufungwa waya wa ethi. Likishafukiwa, sichomoi tena hata mbingu zikipasuka. Nakwenda kwa Nurdin sasa hivi."

Marietha alisimama mlangoni. "Radi bado ipo, Baba Anna! Ngoja nitangulie mimi."

"Mwanamke atangulie kwenye radi, mimi nijifiche?"

Akachukua mwavuli, akatoka. Mbingu ilikuwa nyeupe pe. Jirani yake, Hamisa, alikuwa amekaa kibarazani akichambua mchele. Kamba mbili za nguo zilizofuliwa zilining'inia juu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Radi yote ile hukuanua nguo?"

"Tumeizoea, mzee," alijibu Hamisa, akauinamia ungo wake kwa haraka.

Mzee Stephano alitikisa kichwa. Kiini cha hotuba kilikuwa na sehemu ndefu kuhusu uzembe wa namna hiyo.

Nurdin, fundi wa mabati, alikuwa akigonga karai nyuma ya ukuta wa uani kwa Mzee Stephano. Nyundo ya miaka thelathini ilikuwa imemwondolea usikivu kabisa. Katika mtaa mzima ndiye pekee ambaye hotuba haikuwahi kumfikia. Ilimbidi Mzee Stephano atumie mikono: akaonyesha bati, akatanua mikono yote kueleza upana, akaashiria kufukia.

Nurdin aliangalia, akatabasamu, akaweka nyundo chini.

"Nimekuelewa, mzee. La upana huo lipo moja tu, na sasa hivi analo mama nyumbani kwako. Huja kuliazima kila siku saa kumi na moja, analitikisa pale uani kwa nguvu zote, halafu ananirudishia. Mie mpaka leo sijui linamsaidia nini."