Jua Chini ya Kawa

Kabla Mwaija hajaitia tende mdomoni, aliona kawa iliyofunika futari yake inafuka moshi.

Adhana ya magharibi ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha. Giza lilikuwa limeanguka ghafla, kama taa iliyopulizwa, hata mihogo akaiepua mbichi.

Akamgeukia mgeni wake, yule kiumbe aliyeshuka kutoka nyuma ya nyota akamwangukia kwenye shamba la mananasi. Juzi alikuwa ameigeuza bahari maziwa, eti kwa kuwa alimsikia akilalamikia chai ya rangi.

"Umefanya nini tena?"

"Mchana ulisema jua linakuua, mama. Nimeliondoa."

Mwaija akafunua kawa. Jua lilikuwa dogo kama andazi, jekundu, limekaa juu ya mihogo, na tui la nazi linatokota pembeni yake.

Akasonya.

"Ewe baa! Ndiyo kwanza tumeswali alasiri! Umeufuturisha mji mzima mchana!"

"Nilirudishe?"

Likirudi, kila mtu atajua amekula mchana wa Ramadhani. Lisiporudi, atakayejua ni Mwaija peke yake.

"Shoga, leo siku imekimbia, alhamdulillahi!" jirani akapaza sauti ukutani, mdomo umejaa.

Mwaija akaitazama tende yake. Kisha akairudisha sahanini.

"Lirudishe. Na usinitazame hivyo."

Mchana ukarudi wote kwa mpigo. Mtaa mzima ukanyamaza. Hata kutafuna hakukusikika.