Mstari Mmoja wa Chaki

Mwalimu Muhidini alikuwa bado anaujaza ubao hesabu za shamba lenye pande mbili zilizoinama, pale Mwanamkasi aliponyoosha mkono.

"Naomba chaki, mwalimu."

Binti huyo alichora mstari mmoja tu. Akakikata kipande cha kushoto, akakihamishia kulia, na shamba likanyooka kama mkeka.

"Sasa ni urefu mara upana, basi."

Muhidini alisisimka mwili. Tangu aanze kufundisha Bagamoyo hakuwahi kuona hesabu nzuri namna ile. Akazifuta za kwake kwa kiganja.

Mara mkaguzi wa shule akaingia, akautazama ubao kwa muda mrefu.

"Subhanallah! Nani aliyeiona njia hii?"

"Mimi," akajibu Muhidini. Neno lilimtoka kabla hajalizuia.

Mkaguzi akampa mkono, kisha akamgeukia Mwanamkasi, aliyekuwa bado amesimama mbele.

"Na wewe, binti, umeielewa njia ya mwalimu wako?"

Mwanamkasi akaificha nyuma mikono yake yenye chaki.

"Ndiyo, bwana. Mwalimu ametueleza vizuri sana."

Muhidini akainama, akajifanya anaokota kitu sakafuni.