Koseti ya Kupigia Magoti

Kesho yake Tunu alitakiwa kuwapigia wakwe magoti awanawishe mikono. Dada yake, alipoolewa, aliaibika katika kupiga magoti hukohuko: mfupa wa plastiki wa koseti yake ya kubana kiuno ulikatika, ukamchoma ubavu, akapiga ukelele mpaka wakwe wakadhani anaikataa ndoa.

“Hii ina vyuma, wallahi,” muuzaji wa duka la koseti aliapa, Tunu akiwa ameshaivaa.

“Kiapo hakishiki kiuno, baba.” Shangazi Zawena akapapasa bitana, akakaza kamba. “Haya mwanangu, piga magoti.”

Tunu akashuka polepole. Duka zima likanyamaza, hata cherehani. Goti la pili lilipogusa sakafu, kitu kikalia: ka!

Shangazi akamkodolea muuzaji macho. Muuzaji akayakodolea magoti ya shangazi, ambaye naye alikuwa amechuchumaa.

Tunu alibaki chini, kabana pumzi, akisubiri ubavu umwambie kilicholia ni nini.