Maji Yamefika Bondeni

Fundi bomba alipofungua mfuniko wa tangi la kusafishia maji, hakukuta hata tone. Chini palijaa vumbi, na buibui alikuwa ametanda utando kwenye mdomo wa bomba la kuingizia.

Akapiga magoti, akashika bomba jingine lililopita kando ya tangi. Lilikuwa baridi, likitetemeka kiganjani. Maji machafu ya maabara nzima, yenye kemikali, yalikuwa yakipita humo, moja kwa moja hadi bondeni.

“Mitambo ya kuchujia haikununuliwa,” alisema msimamizi nyuma yake. “Jengo limeshapata cheti cha kutunza mazingira. Yaliyopita si ndwele. Funga, twende kwenye sherehe ya uzinduzi.”

Fundi aliuacha mfuniko wazi. Watu wa bondeni walikuwa wamekataa katakata bomba lile lipite mashambani mwao. Yeye ndiye aliyewabembeleza nyumba kwa nyumba, akianza na shangazi yake aliyemlea. Aliwaapia kwamba wangechota humo maji safi kama ya mvua. Kwa kuwa alikuwa mtoto wao, walimwamini.

Simu ikaita. Alikuwa shangazi.

“Baba, maji yamefika!” Alikuwa akicheka, na watoto walisikika wakishangilia. “Maangavu, mpaka chini ya ndoo unapaona. Yule jirani aliyekuita mwongo ndiye wa kwanza kwenye foleni!”

“Shangazi, msiyatumie.” Fundi aliinuka ghafla. “Yamwageni. Yamwageni yote.”

“Tuyamwage vipi, mwanangu? Tunayanywa tangu asubuhi.”